Kipofu Katika Darsa: Wakfu, Msomaji na Haki ya Kutafuta Elimu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na ahli zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Miaka kadhaa nyuma alitujia mzee mmoja akiwa amemshika mkono kijana wake asiyeona. Kijana yule alikuwa amekwisha kuhifadhi Qur'ani yote, na juu yake matini za nahau na za fiqhi, na yote hayo aliyapata kwa sikio. Walikuwa wanatoka kwenye chuo kimoja cha dini cha daraja ya juu, na huko mzee aliambiwa: "Mwanao ni hodari, lakini mitihani yetu inaandikwa, naye haandiki. Bora abakie mtaani asomeshe watoto." Mzee hakuteta na mtu. Alituuliza jambo moja tu: "Sheikh, haya niliyoambiwa ni hukumu ya dini, au ni uamuzi wa watu?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tufungue vitabu na kuandika haya. Kwani ikiwa ni hukumu ya dini, basi tunasikia na tunatii. Na ikiwa ni uamuzi wa watu, basi yafaa tujue waliotutangulia waliamua vipi.

Ibn Ummi Maktum (r.a.)

Hakuna msomaji wa jarida hili asiyejua sababu ya kuteremka Suratu Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi kwa kutaraji kusilimu kwao, akaja Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), naye ni kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume (s.a.w.) akakunja uso. Wahyi ukateremka kumkumbusha Mtume juu ya mja huyu aliyekuja mwenyewe, akikimbilia elimu hali ya kuwa na khofu ya Mola wake. Tuzingatie, ndugu msomaji: tukio hili halikuwa la sadaka wala la matibabu. Lilikuwa la mwanafunzi asiyeona aliyekuja kusoma, na kusoma kwake kukahesabiwa ni jambo zito kuliko kusilimu kwa mabwana wa Makka.

Baada ya hapo Ibn Ummi Maktum alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume (s.a.w.) pamoja na Bilal (r.a.). Tena Mtume alimwacha Madina mara nyingi kuwa naibu wake wa kusalisha watu pindi alipotoka safari. Na ilipoteremka aya ya Suratun Nisaa inayowafadhilisha wapiganao jihadi juu ya wanaokaa, alilalamika kwamba yeye hawezi, na hapo ikateremka kauli ya kuwatoa wenye dharura. Zaid bin Thabit (r.a.) ndiye aliyekuwa akiandika, na maneno hayo akayatia mahali pake.

Hapa pana msingi wa kifiqhi ambao wengi wetu tunaupindua. Sharia imemwondolea kipofu lawama, haikumwondoa katika safu. Rukhsa ni haki yake yeye, akitaka aitumie. Si fimbo ya wengine kumfukuzia.

Walivyosema mafuqahaa

Hatusemi kwamba fiqhi haikutofautisha baina ya anayeona na asiyeona. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kuona ni sharti ya kadhi, na ushahidi wa kipofu una mipaka katika mambo yanayotegemea jicho. Lakini kwa kuwa mafuqahaa walikuwa makini kiasi hicho katika kutaja pale ambapo jicho ni sharti, yatubidi tuangalie vilevile pale ambapo walisema si sharti.

Katika uimamu wa Sala, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za pwani, kwamba kipofu na anayeona wako sawa kwa mujibu wa kauli ya Imam Shafii mwenyewe. Katika fat'wa, Nawawi huyo huyo amesema katika utangulizi wa Majmuu kwamba fat'wa ya kipofu yasihi, na hata ya bubu ikiwa anaandika au ishara yake inafahamika. Basi ikiwa anaweza kuwa mufti, na ufti haupatikani ila kwa elimu, vipi atazuiliwa njia ya kuipata hiyo elimu?

Na katika Sala ya Ijumaa wamesema kwamba yamwajibikia kipofu anayepata wa kumwongoza, hata kwa ujira wa kawaida ikiwa anaumudu. Maana yake ni kwamba wanavyuoni hawakuuangalia upofu peke yake. Waliangalia kama msaada upo au haupo. Msaada ukipatikana, hukumu inageuka.

Tena kuna suala la riwaya. Ibn Salah (aliyefariki mwaka 643 Hijria) ameeleza katika kitabu chake cha elimu ya Hadithi juu ya mpokezi kipofu ambaye hakuhifadhi kwa moyo aliyoyasikia. Akasema kwamba huyo akimtumia mtu mwaminifu kumwandikia na kumlindia kitabu chake, kisha akachukua hadhari wakati wa kusomewa mpaka dhana yenye nguvu ikawa hakuna kilichobadilishwa, riwaya yake yasihi. Nasi tunajua ukali wa wanazuoni wa Hadithi! Watu waliokuwa wakimwacha mpokezi kwa sababu ya kuchanganya jina moja, walimkubali kipofu kwa mwandishi mwaminifu. Basi mwandishi wa mtihani anayewekwa leo katika vyuo vikuu kumwandikia mwanafunzi asiyeona, akiwa mwaminifu na akasimamiwa, si bid'a iliyotoka Ulaya. Asili yake inajulikana kwetu tangu zamani.

Waliopatikana kwa mwenendo huo

Mwenendo huo ulizaa wanavyuoni. Ataa bin Abi Rabah (aliyefariki mwaka 114 Hijria), mufti wa Makka, alikuwa mlemavu wa mguu, na mwisho wa umri wake alipoteza macho. Qatada bin Diama wa Basra, ambaye tafsiri zetu zimejaa kauli zake, alizaliwa kipofu. Imam Shatibi (538–590 Hijria), mtunzi wa kaswida ya visomo saba inayohifadhiwa na maqurraa mpaka leo, alikuwa kipofu aliyetoka Andalusi na kusomesha Misri katika madrasa aliyoijenga Kadhi Fadhil. Na Zamakhshari, mwenye tafsiri ya Kashshaf, pamoja na yale tusiyokubaliana naye katika itikadi ya Muutazila, alikuwa na mguu wa mti. Inasemwa alichukua safarini hati yenye ushahidi wa watu kwamba mguu wake ulikatika kwa maradhi ya baridi, asije akadhaniwa amekatwa kwa kosa.

Walikuwa wengi kiasi kwamba Salahuddin Safadi (aliyefariki mwaka 764 Hijria, sawa na 1363) aliwaandikia vipofu mashuhuri kitabu kizima, Nakt al-Himyan, ambacho kilichapishwa Cairo mwaka 1911. Humo ametaja khabari za Zainuddin Amidi, mwanachuoni wa Kihanbali wa Baghdad, aliyekuwa kipofu na akifanya biashara ya vitabu. Kila alipokinunua kitabu, alisokota karatasi nyembamba akaifanya herufi kwa hisabu ya abjadi, kadiri ya bei yake, akaibandika ndani ya jalada na kuigandamiza kwa karatasi nyingine. Akitaka kujua bei alipapasa kwa vidole. Amidi aliishi mwanzoni mwa karne ya 14 Miladia. Louis Braille wa Ufaransa alipotunga maandishi ya nukta nundu mwaka 1824, zilikuwa zimepita takriban miaka mia tano. Hatusemi kwamba huyu alichukua kwa yule. Tunasema tu kwamba wazo la kusoma kwa vidole halikuwa geni sokoni Baghdad. Kilichokosekana ni mtu wa kulipeleka kutoka jalada la mfanyabiashara mmoja hadi kwenye ubao wa madrasa.

Zawiya ya Vipofu, Azhar

Hodari wa mtu mmoja mmoja hautoshi. Mwanafunzi asiyeona anahitaji mkate, pa kulala, maji ya udhu yaliyo karibu, na wa kumsomea. Walid bin Abdulmalik, khalifa wa Bani Umayya (86–96 Hijria), anatajwa na Tabari kwamba alimpangia kila asiyeweza kutembea mtumishi, na kila kipofu wa kumwongoza. Huo ulikuwa mkono wa dola. Lakini dola huja ikaondoka, ndiyo maana Waislamu wakategemea zaidi wakfu.

Mfano ulio wazi ni Azhar. Wanafunzi wake walikaa katika riwaki kwa mujibu wa makwao: ya Wamaghribi, ya watu wa Sham, ya Wajabarti waliotoka pembe yetu hii ya Afrika, na nyinginezo. Kila riwaki ilikuwa na wakfu wake na mgao wa mikate. Mnamo mwaka 1148 Hijria (1735), Amiri Uthman Katkhuda alijenga karibu na msikiti huo Zawiya ya Vipofu: nguzo za marumaru, kibla, mahali pa kutawadha, na juu yake vyumba wanavyokaa wasioona. Mwaka uliofuata amiri huyo aliuawa katika fitina za watawala wa Misri, lakini zawiya ilibaki. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo na kuandika khabari zake mwaka 1836, alikuta humo vipofu wapatao mia tatu, wengi wao wanafunzi, wakiishi kwa mapato ya wakfu. Tunaomba msomaji aifikirie idadi hiyo. Mia tatu, katika zama ambazo Ulaya skuli ya mwanzo ya vipofu, ile ya Paris, ilikuwa ina umri wa miaka hamsini tu.

Lane anasema pia kwamba vipofu wale walikuwa wakali, wakisimama kwa ghasia walipodhulumiwa. Yeye aliona ni utovu wa adabu. Sisi hatuitetei ghasia, lakini tunaona ndani yake jambo jingine: watu wale walijua kwamba mkate ule ni haki yao iliyoandikwa katika hati ya wakfu, si makombo ya kuombea mlangoni.

Kilichoharibika

Mambo mawili yaliivunja hali hii. La kwanza ni kupotea kwa wakfu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muhammad Ali Pasha alizitwaa ardhi za kilimo za misikiti ya Misri, na Azhar ikapoteza sehemu kubwa ya mali yake. Mlango wa zawiya ulibaki wazi, lakini chungu kilipungua.

La pili halitajwi sana, nalo ni kugeuka kwa njia ya kusomesha. Darsa ya zamani ilikuwa ya sikio na ulimi: sheikh anasoma, mwanafunzi anahifadhi, kisha anasomeshwa mbele ya watu mpaka apewe ijaza. Katika darsa hiyo kipofu hakuwa na upungufu mkubwa. Ulipokuja ubao, kitabu cha chapa na mtihani wa karatasi, tukavipokea, navyo vina manufaa yake. Ila tulisahau kwamba tumejenga ukuta mpya mbele ya mtu ambaye jana aliingia bila ya kubisha hodi. Wenzetu waliouanzisha mtihani wa karatasi walipata baadaye kuweka nukta nundu, msomaji, mwandishi na muda wa ziada. Sisi tuliuchukua mtihani tukayaacha hayo.

Wapo waliopenya, lakini kila mmoja alipenya kwa msaada. Taha Hussein, aliyeingia Azhar mwaka 1902, alifika mpaka Sorbonne kwa kusomewa vitabu na aliyekuja kuwa mkewe, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa Misri. Maulamaa walimrudi kwa haki katika aliyoyaandika mwaka 1926 kuhusu mashairi ya Jahilia, lakini hilo ni kosa la fikra, halikuwa kosa la macho. Na Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyepoteza macho akiwa na umri wa karibu miaka ishirini, aliongoza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, ambacho wamesoma vijana wengi wa Afrika Mashariki, kisha akawa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia kutoka mwaka 1993 mpaka alipofariki mwaka 1999. Makaratasi yake alikuwa akisomewa na makatibu, na majibu akiyatamka yakaandikwa. Lau angelikuja katika baadhi ya vyuo vyetu akiwa kijana, tungelimwambia akasomeshe watoto mtaani.

Yanayotupasa

Serikali zetu zimekwisha kuandika sheria juu ya jambo hili: Kenya mwaka 2003, Zanzibar 2006, na Tanzania Bara 2010. Ni aibu kwa watu wa Suratu Abasa kungoja mkaguzi wa serikali ndipo waweke reli ya kushikia katika ngazi ya madrasa.

Tunawanasihi maimamu na wasimamizi wa vyuo mambo haya. Mtihani wa asiyeona uwe wa mdomo, au awekewe mwandishi mwaminifu asiye jamaa yake, na aongezewe muda. Asiyesikia atafutiwe anayejua lugha ya alama, kwani mafuqahaa wamekwisha kukubali kwamba ishara ya bubu inayofahamika husimama mahali pa matamko. Darsa ya mwenye kigari ishushwe chini, sheikh ateremke yeye. Na anayetaka kuweka wakfu asifikirie msikiti peke yake. Kodi ya duka moja yatosha kumlipa msomaji wa wanafunzi wawili au watatu mwaka mzima, na thawabu ya kila herufi watakayoifundisha inamfuata kaburini.

Ama yule mzee, tulimjibu kwamba aliyoyasikia ni uamuzi wa watu. Kijana tukampokea, na mwenzake mmoja akajitolea kumsomea baada ya Sala ya Alasiri. Hatukuwa na fungu la kumlipa msomaji huyo, na hatukumwandalia chochote ila mkeka na sikio. Alimaliza Minhaj kabla ya wenzake wenye macho. Huyo aliyemsomea naye aliimaliza vizuri, kwa sababu kila alichokisoma alikisoma mara mbili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe taufiki ya kuzirejesha wakfu zetu, na atujaalie macho ya nyoyo kabla ya macho ya vichwa. Wallahu aalam.