Mlevi Anamtafuta Mlevi

Mei 1935, Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, alikuwa amekwama katika hoteli ya Mayflower mjini Akron, Ohio. Dili iliyomleta ilikuwa imegonga mwamba. Upande mmoja wa mapokezi palikuwa na baa, watu wakicheka. Upande mwingine, simu. Alikuwa na miezi mitano hivi bila kuonja pombe. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa, akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye.

Kesho yake akakutana na Dkt. Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyelemewa na chupa. Smith alikubali kumpa dakika 15 tu; wakaongea saa nyingi. Aliteleza tena mara moja, kisha akaacha. Tarehe 10 Juni ndiyo chama chao, Alcoholics Anonymous, huhesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Lakini Wilson hakupiga simu ile ili amwokoe Smith. Alitaka yeye mwenyewe asilewe usiku huo. Kwa hivyo ukiingia kwenye kikundi leo, iwe Nairobi au Mombasa, ukakaa kiti cha nyuma mikono ikitetemeka, usidhani umekuja kuomba tu. Walioacha zamani wanakuhitaji pia.