Gari chakavu la Japani: nani hulipia mwisho wake?

NCHINI Japani gari halihesabiwi kuwa limekufa kwa sababu tu limeshindwa kutembea. Huhesabiwa hivyo pale linapofutwa katika daftari la usajili, na kabla ya kufutwa ni lazima lipite mikononi mwa watu waliosajiliwa au kupewa kibali kwa kazi hiyo. Utaratibu huo umewekwa na sheria ya urejelezaji wa magari, iliyopitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika kikamilifu Januari 1, 2005. Unawahusu pia wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika yanayotembea katika miji hiyo yametoka Japani.

Chanzo cha sheria

Katika kisiwa kidogo cha Teshima, mkoa wa Kagawa, kampuni moja ilimwaga na kuchoma masalia ya magari yaliyosagwa kwa zaidi ya miaka 10, hadi polisi walipoivamia Novemba 1990. Masalia hayo ni plastiki, mpira, sponji na vioo vilivyochanganyika na mafuta na metali zenye sumu. Wakazi walidai haki yao hadi mwaka 2000, walipofikia mapatano na serikali ya mkoa. Takriban tani 900,000 za taka na udongo ulioharibika zilivushwa kwa meli hadi kisiwa jirani cha Naoshima ili kusafishwa, kazi iliyoanza mwaka 2003 na kumalizika mwaka 2017. Mzigo wa gharama uliangukia fedha za umma.

Ada hulipwa mapema

Ili hali hiyo isijirudie, sheria iliwabebesha watengenezaji na waagizaji wa magari wajibu wa kushughulikia vitu vitatu ambavyo mnunuzi wa chuma chakavu havimpi faida: gesi ya kiyoyozi, mifuko ya hewa na masalia ya kusaga. Fedha za kazi hiyo hutolewa na mwenye gari anaponunua gari jipya, kwa kawaida kati ya yeni 6,000 na 18,000, na huhifadhiwa na taasisi maalumu badala ya kubaki kwa mtengenezaji. Gari likiuzwa, mnunuzi humrudishia muuzaji kiasi hicho. Hivyo mwenye gari wa mwisho hana sababu ya kulitelekeza porini kwa kukwepa gharama. Pikipiki hazimo katika sheria hiyo.

Hatua za kufuata

Kwanza, mwenye gari hulikabidhi kwa mpokeaji aliyesajiliwa na kupewa hati ya makabidhiano. Pili, gesi ya kiyoyozi hunyonywa. Tatu, mvunjaji mwenye kibali huondoa mifuko ya hewa, betri, matairi na mafuta, kisha huuza injini, milango na vipuri vingine vinavyofaa. Nne, bodi husagwa, chuma hutengwa, na masalia huenda kushughulikiwa kwa gharama ya ile ada.

Kila hatua huripotiwa kwa kompyuta kwa kutumia namba ya chasisi. Mwenye gari akishaarifiwa kuwa limevunjwa, huomba lifutwe moja kwa moja, na anaweza kurudishiwa sehemu ya kodi ya uzito iwapo muda wa ukaguzi wa gari haujaisha.

Gari linapovuka bahari

Gari linalouzwa nje hufutwa kwa utaratibu mwingine, na baada ya kuthibitishwa kuwa limesafirishwa, ada ya urejelezaji inaweza kurudishwa kwa aliyelimiliki mwisho. Maana yake ni kwamba gari hufika bandarini Mombasa au Dar es Salaam likiwa na gesi yake na mifuko yake ya hewa, lakini fedha za kuviondoa zimebaki Japani.

Kanuni za Afrika Mashariki zimejikita zaidi katika umri wa gari linapoingia. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari ya miaka 15 na zaidi, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani. Hakuna kati ya hatua hizo inayoweka akiba ya siku gari litakapokufa, na mara nyingi kazi hiyo huishia kwa mvunjaji wa mtaani, anayetafuta spea na chuma.

Mwenye gari naye ana la kuangalia. Kuuza mkweche kwa wavunjaji hakufuti usajili. Katika sheria ya barabara ya Kenya, aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo, kabla ya gari kuvunjwa, ni vyema aweke maandishi ya mauzo, aiarifu mamlaka ya usajili, yaani TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na asiache namba zake zibaki mikononi mwa mtu mwingine.