Nani Atasaini?

Fomu ya hospitali ilikuwa na nafasi moja ya jamaa kusaini, na mimi nina wazazi wawili wasioongea. Kesi yetu ilianzia hapo.

Brathe wangu alikuwa na miaka 26. Mathe anaishi Kitale, anauza mitumba. Mzee alirudi kwao Bungoma walipoachana, mimi nikiwa darasa la sita. Brathe alipoanza kutembea usiku na kujibu watu ambao sisi hatukuwaona, mathe alitaka alazwe. Mzee akakataa. "Huyu si mgonjwa," alisema. "Amebeba jina la babu yake na hatukulifanyia chochote. Mwenye jina anadai chake." Alfajiri moja akaja Kitale, akampandisha matatu, akaenda naye. Mathe akatafuta wakili. Korti ikaombwa iamue nani awe mlezi wa mtu mzima mwenye ndevu.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na somo nililoliacha ni historia, kwa hivyo pande zote mbili ziliona nina muda. Wakili wa mzee akaomba hati ya kiapo kutoka kwangu. Nikakubali haraka mno. Nilijua nitaandika juu ya nani.

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu, Webuye. Wa Kimilili wanakata kulia pale Kamukuywa. Huko, kijiji cha Maeni, ndiko alikotoka Elijah Masinde. Wengi wetu tunamjua kama swali la mtihani: mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alama mbili. Lakini kabla ya hapo alikuwa mchezaji mpira, na aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alikuwa pia muumini wa kanisa la Friends mpaka alipooa mke wa pili na kanisa likamtenga.

Mapema miaka ya 40 alianza kuhubiri kwamba Wabukusu wamrudie Wele na mababu zao, na wazungu waende kwao. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vinaendelea, na serikali ilikuwa inawakusanya vijana kwa nguvu wakafanye kazi. Trans Nzoia ilikuwa imetengewa walowezi, hiyo Kitale yetu ikiwa ndani yake, na Mbukusu aliishi kule kama skwota. Masinde akakataa kazi ya lazima, akagombana na watu wa serikali, akashtakiwa. Halafu mwaka 1945 akapelekwa Mathari, Nairobi, kama mgonjwa wa akili. Alitoka Mei 1947.

Mathari ilifunguliwa 1910, na jina hilo ikalipata 1924. Wagonjwa walitengwa kwa rangi: Mzungu huku, Mhindi kule, Mwafrika kule zaidi. Miaka ambayo Masinde alikuwa ndani, msimamizi alikuwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida aliyekabidhiwa hospitali hiyo 1938 bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Akaikaa hadi 1950. Baada ya kuondoka aliandika, mwaka 1951, kwamba akili ya Mwafrika mzima inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Si mlevi wa baa aliyesema hivyo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika 1953, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Kwa mtu wa aina hiyo, Mbukusu anayesema ardhi imeibiwa atapata cheti gani?

Sehemu niliyoipenda zaidi ni inayofuata. Septemba 1947, miezi michache tu baada ya kutoka, Masinde aliongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, kile kilima cha Webuye ambako Wabukusu waliuawa na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Wakaomboleza wafu wao. Februari 1948 polisi wakafyatulia risasi umati wa wafuasi wake kule Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde akakamatwa, dini ikapigwa marufuku, yeye akahamishiwa Lamu, baadaye Marsabit, na hakurudi nyumbani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60. Ona sasa. Mwaka 1945 alikuwa mgonjwa. Mwaka 1948, mtu yule yule na maneno yale yale, hakuna aliyemrudisha Mathari. Wazimu ulipona bila dawa siku serikali ilipopata sheria nyingine ya kumshikia. (Uhuru nao haukumsaidia sana. Serikali ya Kenyatta ilipiga marufuku dini yake tena 1968.)

Niliandika kurasa nne. Nikamalizia kwamba hospitali ya akili katika nchi hii ilizaliwa kama jela ya wabishi, na mama yangu asisaidiwe kumfungia brathe humo. Wakili akasoma, akavua miwani. "Kijana, hii ni insha." Lakini akasema itafaa, na nisafiri nikaisaini Bungoma mbele ya kamishna wa viapo.

Nikafika kwa mzee saa tisa mchana. Brathe alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, amekonda, miguu imepasuka kwa kutembea peku. Vifundo vya mikono yake vilikuwa na alama za kamba. Nikauliza. Baba mdogo akajibu bila hata kushusha sauti kwamba usiku wanamfunga ili asiende barabarani akagongwe. "Tunamchunga," akasema. Na ni kweli, walikuwa wanamchunga. Kuku alikuwa amechinjwa, wazee walikuwa wamekuja, jina lilikuwa limefanyiwa mambo yake. Brathe hakuwa amelala siku ya nne.

Nilikaa naye mpaka giza. Nilikuwa nimetumia miezi miwili kumfananisha na Masinde, lakini Masinde alijua anataka nini, na maelfu walimwelewa. Brathe aliniomba nizime redio ambayo haikuwepo. Kurasa zangu nne zilikuwa za kweli, tarehe zote ziko sawa, na hazikumhusu. Nilikuwa nimemtumia Masinde kama mzee alivyotumia lile jina.

Usidhani basi mathe alikuwa na haki yote. Katika ombi lake aliandika kwamba kijana "hana uwezo wa kuamua lolote", akataka alazwe bila hiari miezi sita, ambayo ndiyo muda ambao Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliruhusu kwa mara ya kwanza. Nimeisoma sheria hiyo mara nyingi kuliko vitabu vyangu vya chuo. Ilisema ombi la kumlaza mtu asiyetaka liletwe na mume, mke ama jamaa. Jamaa yupi, wanapotofautiana baba na mama? Haikupanga. Iliipa Mahakama Kuu uwezo wa kumweka mgonjwa chini ya jamaa wa karibu ama mtu mwingine anayefaa, na hapo ndipo wazazi walioachana hukutana tena. Marekebisho ya 2022 yalijaribu kugeuza mambo: kwanza ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, na nafasi ya kumteua mtu wa kumsaidia kuamua. Lakini hata ile ya 1989, kabla haijafika kwa jamaa, ilikuwa na kifungu kifupi ambacho pande zote mbili zilikiruka: mtu aliyefika miaka 16 aliweza kuomba matibabu mwenyewe.

Asubuhi yake sikwenda kwa kamishna. Nilimwuliza brathe, mzee akisikia, anataka nini. Sijui kwa nini hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema anataka kulala, na simu yake.

Mzee alinyamaza. Halafu akaingia ndani akatoka na nauli, noti zimekunjwa ndogo kabisa, akaniambia nisimwambie mama yako nimetoa. Tulipanda matatu sisi wawili. Chetambe tuliipita brathe akiwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha, na sikumwambia lolote juu yake.

Hospitalini, nesi alitoa fomu tofauti na ile ya kwanza. Brathe akasaini, herufi zikipanda mlima, akaandika na lile jina la babu. Mathe alifika jioni na uji kwenye chupa, akauliza kwanza nani alisaini.

Kesi bado haijafutwa. Itatajwa tena mwezi ujao, na wazazi wangu sasa wanabishana nani alipe wakili wa nani. Brathe amenitumia ujumbe akitaka nimpelekee soksi.