Punje, mwanga na nambari tatu

Hebu twanga chumvi ya mawe. Unga wake utakuwa mweupe kuliko mawe yenyewe, ilhali ni chumvi ile ile. Punje zikivunjika nyuso huongezeka, na mwanga mwingi zaidi hutawanyika na kuyarudia macho yako. Sasa muuzaji na mnunuzi wakibishana juu ya weupe, nani ana haki?

Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga (CIE) ilikubaliana jinsi ya kuandika rangi yoyote kwa nambari tatu. Sisi waandishi wa programu tumezoea nambari tatu zetu za skrini, lakini hizo za CIE zilitoka kwenye majaribio ya macho ya watu. Mwaka 1942 Mmarekani Richard Hunter alieleza kipimarangi cha vichujio vitatu na seli za kupokea mwanga. Mwaka 1948 akatoa mizani ya L, a, b: L ni kutoka weusi 0 hadi weupe 100, a ni wekundu au ukijani, b ni umanjano au ubuluu.

Kwa unga laini kazi ni rahisi. Punje kubwa, kama za kahawa, zina mianya inayomeza mwanga, basi ukisogeza sampuli kidogo nambari inabadilika. Dawa yake ni dirisha pana la kupimia, sahani inayozungushwa, kisha wastani wa vipimo kadhaa. Nami nasisitiza: L isiyoandikiwa ukubwa wa punje haimalizi ubishi wowote. Taja na chekeche uliyotumia.