Samaki Mwenye Mapafu

Sisi wa Bwiza tunakula samaki wa Ziwa Tanganyika, na karibu wote hupumua kwa matamvua. Lakini katika ziwa hilohilo yupo kambare mamba, ambaye kwenye Ziwa Viktoria huitwa kamongo. Matamvua yake ni madogo, hayamtoshi; ana mapafu mawili kama sisi. Akizuiwa asipande juu kuvuta hewa, samaki huyu hufa maji.

Wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu yake. Mwaka 1839 Richard Owen wa London alieleza habari za mmoja wa jamii hiyo kutoka mto Gambia, akasema ni samaki. Wengine walikataa: mwenye mapafu atakuwaje samaki? Wakamweka kundi moja na vyura.

Mwaka 1928 Mmarekani Homer Smith alifika Ziwa Viktoria kumchunguza. Alitaka kujua mwili wake unavyostahimili kiangazi, kwani maji yakikauka hujifukia topeni, akalala miezi mingi bila kula, akivuta hewa kupitia tundu dogo. Mwaka 1932 alitoa kitabu, akakipa jina lililotumiwa na wenyeji: Kamongo.

Leo tunajua kwamba Owen alisema kweli. Kwangu mimi, funzo la historia hii ni kwamba mapafu hayakuanzia nchi kavu. Yalianza kwa samaki wa kale, miguu ikaja baadaye. Pumzi yetu imetoka majini, na shahidi wake bado anaishi katika ziwa letu.