Haki ya Wazee na Haki ya Leta: Tuanzie Wapi?

Mutu akitaja haki hapa Goma, wengi wetu tunafikiria kwanza Munzenze. Lakini babu zetu hawakujua gereza. Kesi ilikatwa barazani, mbele ya mwami au wazee wa ukoo. Kwa Wanande mahali hapo paliitwa kyaghanda. Mwenye kukosa alilipa mbuzi ao ng'ombe, kisha pande mbili zikanywa pombe pamoja. Swali la wazee lilikuwa moja: nani ameumizwa, na atarudishiwa nini?

Tusiisifu bila kipimo. Mara nyingi wanawake hawakuwa na sauti barazani, na mutu aliweza kufukuzwa kijijini kwa kusingiziwa uchawi tu. Hata katika miaka yetu, familia zimepokea mbuzi na kunyamaza wakati binti yao amebakwa. Ndiyo maana sheria za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ubakaji ni za lazima: kosa hilo si deni la kulipana.

Leta ya wakoloni ilikuja na njia ingine: fimbo na kasho. Kwa dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926, Wabelgiji walipanga mahakama za wenyeji. Mwami aliendelea kuhukumu, lakini chini ya jicho la msimamizi mzungu.

Kisha uhuru, 1960. Sheria ya tarehe 31 Machi 1982 ilisema mahakama za amani zitachukua nafasi ya zile za kimila, mahali kwa mahali, kadiri zitakavyofunguliwa. Miaka ilipita, na watu wengi wa vijijini wakabaki mbali na juji, katikati ya mila iliyopunguzwa nguvu na sheria isiyofika.

Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Makosa ya raia yakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, ambazo majuji wake walikuwa wachache. Dosiye zikalala, Munzenze ikajaa. Wengi waliofungwa humo walikuwa bado hawajahukumiwa. Tulizoea kusikia: "Kama hauna mutu inje, dosiye yako haitembee."

Tunajua mwisho wake. Tarehe 27 Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, maelfu ya wafungwa walivunja gereza na kutoroka. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wanawake zaidi ya 150 walibakwa humo, na wengi wao wakafa katika moto. Wangapi kati yao walikuwa wanangojea tu siku ya kesi?

Kwa hiyo, siku itakapozungumzwa tena kutengeneza haki, yeyote atakayekuwa na mamlaka, tusianze na kujenga gereza kubwa zaidi. Tuanze na kujua. Kwanza, ihesabiwe kila mwezi nani amefungwa, tangu lini, kwa kosa gani, na kama amefika mbele ya juji. Pili, waulizwe wazee, na wamama pia, kesi gani zinaweza kumalizika barazani: mipaka ya shamba, deni, matusi, mifugo iliyokula mazao ya jirani. Ubakaji na mauaji yasiguswe kule. Tatu, maamuzi ya wazee yaandikwe, ili yule asiyeridhika aweze kuyapeleka mbele.

Katiba ya 2006 yenyewe inakubali mila, mradi isipingane na sheria wala utulivu wa watu wote. Mlango upo. Tukiupita, tuingie na lile swali la wazee: nani ameumizwa, na atarudishiwa nini? Wale wamama wa Munzenze hatuwezi kuwarudishia kitu. Tunaweza kuangalia mwingine asisahauliwe ndani.