Kalamu Nyuma ya Nondo: Wanawake Wafungwa na Tiba ya Kuandika

Mwaka 203, katika jiji la Carthage, kaskazini mwa Afrika, mama kijana aitwaye Perpetua alitiwa gerezani kwa sababu ya imani yake ya Kikristo. Alikuwa na miaka 22 hivi, na mwanawe alikuwa bado ananyonya. Akingoja kutupwa mbele ya wanyama, aliandika juu ya giza la gereza, joto la watu waliobanana, baba aliyemsihi aikane dini, na jinsi moyo ulivyotulia alipopewa mtoto wake akae naye. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia, na yametoka bara letu.

Wengine walifuata. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, Madame Roland aliandika kumbukumbu zake katika magereza ya Paris mwaka 1793, hadi alipokatwa kichwa Novemba. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Rosa Luxemburg aliwaandikia rafiki zake kutoka jela za Ujerumani kuhusu ndege na mimea; aliyefungwa ndiye aliyewafariji walio huru.

Karne ya 20 ndiyo inayonigusa zaidi. Nawal El Saadawi, daktari na mwandishi wa Misri, alikamatwa Septemba 1981 kwa amri ya Rais Sadat na kupelekwa gereza la wanawake la Qanatir. Kalamu na karatasi zilipigwa marufuku, na seli ikawa inapekuliwa. Aliandika kwa wanja wa penseli juu ya karatasi ya chooni. Wanja huo alipenyezewa na mwanamke aliyefungwa kwa kosa la ukahaba. Mshairi Irina Ratushinskaya, katika kambi ya Kisovieti huko Mordovia, alichora mashairi kwenye sabuni kwa njiti ya kiberiti, akayahifadhi kichwani, kisha akanawa mikono na ushahidi ukapotea. Winnie Mandela wa Afrika Kusini, aliyekamatwa Mei 1969 na kushikiliwa siku 491, nyingi akiwa peke yake, aliandika kumbukumbu ambazo hazikuchapishwa hadi mwaka 2013.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunayajua maandishi ya kifungoni kupitia mshairi Abdilatif Abdalla na *Sauti ya Dhiki*, mashairi aliyoyatunga kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972. Sauti za wanawake wetu waliofungwa hazijatufikia kwa wingi huo, na hilo ni pengo kubwa.

Sayansi ya tiba ya kuandika ilikuja nyuma ya wafungwa hawa. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, wa Marekani, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu maumivu yao makubwa walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Wale walikuwa wanafunzi, tena walijua siri zao zitalindwa. Mfungwa ana hakika gani?

Tazama gereza la wanawake la York, Connecticut, ambako mwandishi Wally Lamb alianza kufundisha mwaka 1999. Wanafunzi wake waliandika kuhusu vipigo na udhalilishaji walioupata tangu utotoni, na kazi zao zikakusanywa kitabuni mwaka 2003. Kitabu kilipokaribia kutoka, jimbo liliwashtaki waandishi hao likidai gharama za kifungo, dola 117 kwa kila siku. Kesi ilimalizwa mwaka 2004, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika: ukisema yaliyokuumiza, utalipa.

Hapo ndipo msongo wa mawazo unapozidi badala ya kupungua. Mwanamke anayejua kwamba daftari lake litasomwa na askari ataandika yale yanayompendeza askari. Rai yangu kwa wakuu wa magereza wa Afrika Mashariki ni hii: kila mwanamke aliye ndani, awe mfungwa au mahabusu, apewe daftari na kalamu, apate mtaalamu wa kumwongoza katika kuandika na mwalimu wa kumfundisha kusoma kama hakubahatika kwenda shule, na yale atakayoyaandika yabaki kuwa mali yake.